Tabibu wa Wanyama na Apande Bulembia

Asubuhi moja huko Kyanjuki katika Bulembia, upande wa juu wa bonde la mto Nyamwamba, nilimkuta kijana wa miaka kama kumi ameketi kizingitini, mbwa wake amemlaza mapajani, akimbandua kupe masikioni mmoja mmoja kwa kucha na kuwaponda juu ya jiwe, damu ikimchirizika vidoleni, na nilipomwuliza kwa nini hampeleki mnyama kwa tabibu, alinijibu kwa adabu, “Baba, tabibu yuko mjini, na bodaboda hazipakii mbwa.”

Jibu hilo limenikaa moyoni, kwa kuwa ndani yake mna kiini cha shauri ninalotaka kuliweka kwa taadhima mbele ya madiwani wa Wilaya ya Kasese, Uganda: huduma zetu za mifugo ziliundwa kwa kumfikiria ng'ombe, ambaye ana thamani sokoni na huswagwa hadi joshoni kwa miguu yake, ilhali mbwa na paka, ambao hawakamwi wala hawapelekwi mnadani, waliachwa wategemee huruma ya mwenyewe, na huyo mwenyewe, aghalabu mkulima wa kahawa na mihogo huko mlimani, hana njia ya kumteremsha mnyama mwenye hofu, aliyefungwa kamba ya katani, hadi katikati ya magari ya Kasese. Mbwa huyo ndiye alindaye mbuzi usiku, na paka ndiye awazuiaye panya wasimalize mahindi ghalani. Ni haki yao wafuatwe waliko.

Wako wanaosema kupe ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Kupe jike wa mbwa akishashiba damu huanguka, akapanda ukutani, akatafuta ufa, na humo akataga mayai kwa maelfu. Na Bulembia nyufa si haba, kwani nyumba nyingi za mistari zilijengwa kwa ajili ya wachimbaji wa shaba wa Kilembe, katika enzi ya reli iliyofika Kasese mwaka 1956, na tangu mgodi uliposita, na mafuriko ya Mei 2013 yalipopita, kuta zimezeeka pasipo mwashi wa kuziziba. Kwa hiyo amwogeshaye mbwa dawa siku moja akaiacha nyumba na banda, amefanya nusu ya kazi, na baada ya majuma machache atawakuta kupe wamerejea masikioni mle mle. Kupe hao huingiza katika damu ya mbwa vijidudu vinavyomletea homa, akakojoa mkojo wa rangi ya kahawa, akakonda, akafa, huku mwenyewe akidhani jirani amemlisha sumu.

Sumu yenyewe nayo ipo, tena twaitia kwa mikono yetu wenyewe. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, iliyonunuliwa katika chupa ya soda isiyo na karatasi ya maelezo, hupimwa kwa kifuniko na kumwagiwa mbwa. Na yenye permethrini ikimwagiwa paka, ambaye hujilamba mwili mzima na ambaye ini lake haliwezi kuivunja sumu hiyo kama liwezavyo la mbwa, huanza kutetemeka, na huweza kufa siku iyo hiyo. Tabibu anayengojea mezani pake mjini hauoni ule ufa, wala haioni chupa ile ya soda juu ya rafu. Wala haoni kwamba watoto wa mbwa, ambao hurithi minyoo tumboni mwa mama yao kabla ya kuzaliwa, wamelala pale pale watoto wa binadamu wanapochezea udongo na kutia vidole kinywani. Aliyepanda mlima huyaona yote hayo kwa dakika tano.

Nije kwenye kichaa cha mbwa, ambacho dalili zake zikishadhihiri kwa mtu hapana tena la kufanya ila kusubiri mauti. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameumwa na mbwa. Hesabu ya kinga yake yajulikana: wakichanjwa mbwa asilimia 70 ya walio katika eneo, maradhi hukosa njia, lakini mbwa huzaa na kufa upesi, na kwa sababu hiyo asilimia ile huporomoka ndani ya mwaka, na kazi lazima irudiwe. Wenzetu wa Pemba wamelithibitisha jambo hili kisiwani mwao, kwani walikitokomeza kichaa mwaka 2014, kikarejea mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, wakarudi kuchanja kwa bidii, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 kilikuwa kimetoweka tena. Na yule atakayetoa udhuru wa jokofu, kwamba chanjo haiwezi kupanda milima ya Rwenzori bila umeme, na ajue kuwa utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba chanjo moja ya kichaa, iliyohifadhiwa miezi 6 katika joto la nyuzi 25, au miezi 3 katika nyuzi 30, iliwakinga mbwa sawasawa na iliyotoka kwenye baridi. Kwa ruhusa ya wataalamu, mfuko wa tabibu na pikipiki vyatosha.

Bwera nako, mpakani na Kongo, kuna shani yake. Mwezi Juni 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kongo, kila mtu aliyepita kituo cha mpakani cha Mpondwe alipimwa joto na kunawishwa mikono, na serikali ilistahili shukrani zetu. Lakini mbwa huuvuka mto Lhubiriha usiku na mchana pasipo cheti wala mwulizaji, na upande wa pili wa wilaya ipo Hifadhi ya Queen Elizabeth na simba wake. Tukumbuke kwamba huko Serengeti, mwaka 1994, maradhi ya distempa, ambayo chimbuko lake lilidhaniwa kuwa mbwa wa vijijini, yaliua takriban theluthi moja ya simba.

Najua jibu litakalotolewa: hazina haitoshi kwa dawa za watu, seuze za mbwa. Nami nasema, kwa moyo safi, kwamba dozi moja ya mbwa ni rahisi mno kuliko mfululizo wa sindano anazohitaji mtoto aliyeumwa, ambaye kwanza kabisa jeraha lake lataka kuoshwa kwa maji yapitayo na sabuni kwa dakika 15, jambo ambalo wazazi wengi hawajaambiwa na mtu yeyote.

Ninachokiomba ni hiki: tabibu mmoja, msaidizi mmoja na ratiba isiyovunjwa. Kila miezi mitatu na afike Kyanjuki, kisha Bwera, akiwa na dawa ya minyoo na ya kupe, na mara moja kwa mwaka chanjo. Tangazo lisomwe kanisani na msikitini juma moja kabla, kwa Kikonzo na kwa Kiswahili. Meza iwekwe chini ya mti, na daftari la majina ya wanyama na ya wenyewe libaki mikononi mwa mwenyekiti wa kijiji. Siku hiyo yule kijana hatahitaji kamba wala bodaboda, kwani mbwa wake, kutoka kizingitini hadi chini ya mti, atamfuata kwa kuitwa jina tu.