Maneno ya Wagonjwa Nayo Yahitaji Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima wa pamba wa Bariadi anaijua maana ya methali hiyo bila kufundishwa: pamba yake hutenganishwa safi na fifi, hupimwa kwenye mizani ya chama cha msingi, uzito wake huandikwa, na stakabadhi hutolewa. Mkulima huyo huyo anapohojiwa na mtafiti wa afya kuhusu sababu zilizomfanya mkewe ajifungulie nyumbani, maneno yake mara nyingi hayapati daftari la namna hiyo. Huingia katika ripoti, ripoti huingia kabatini, na baada ya miaka michache mtafiti mwingine hubisha hodi akiwa na swali lile lile.

Hasara ya jambo hili haiishii kwenye fedha za utafiti. Anayehojiwa mara tatu bila kuona badiliko lolote hujifunza kujibu kwa mkato, au kujibu yale anayodhani mgeni anataka kuyasikia. Na zahanati ikiamua saa za kliniki pasipo kujua yaliyokwisha kusemwa na akina mama wa vijiji vyake, uamuzi huo hutegemea bahati. Mkoa wa Simiyu hauna upungufu wa maneno ya wagonjwa kiasi cha kulazimika kuyatafuta upya kila mara. Unachohitaji ni mahali pamoja pa kuyaweka, na utaratibu wa kuyatoa yanapohitajika.

Wapo watakaosema kwamba kazi hiyo tayari inafanywa na MTUHA pamoja na mfumo wa kielektroniki wa DHIS2. Mifumo hiyo ina manufaa makubwa, lakini kazi yake ni kuhesabu. Itaonyesha ni wajawazito wangapi walihudhuria kliniki na wangapi walijifungulia kituoni. Haitaonyesha kwa nini mama aliyehudhuria kliniki vizuri hakurudi siku ya uchungu. Sababu hiyo imo katika mahojiano, katika mijadala ya vikundi, katika masanduku ya maoni na katika mihutasari ya kamati za zahanati. Na huko hakuna safu wala jedwali linaloisubiri.

Kwa Simiyu ugumu unaongezeka kwa sababu mbili. Ya kwanza ni historia ya mipaka. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa katika mkoa wa Shinyanga; Busega ilikuwa sehemu ya wilaya ya Magu mkoani Mwanza, na Itilima ilikuwa ndani ya Bariadi. Kwa hiyo anayetafuta kwa neno “Simiyu” pekee huweza kuzikosa kazi za miaka mingi zilizofanyika katika vijiji hivi hivi, kwa kuwa zimeandikwa chini ya majina ya mikoa mingine. Si kwamba hazipo. Ni kwamba hakuna faharasa inayoyaunganisha majina ya kale na ya sasa.

Sababu ya pili ni lugha. Mhojiwa husema kwa Kisukuma, mhojaji huandika kwa Kiswahili, na ripoti hutolewa kwa Kiingereza. Katika safari hiyo neno lenyewe la mgonjwa huachwa njiani. Utafiti uliofanyika Bagamoyo katika miaka ya 1990 unaonyesha thamani ya kulihifadhi. Watafiti walilishika neno “degedege” kama wazazi walivyolitumia, wakagundua kwamba wengi waliliona kuwa ugonjwa tofauti na malaria na wakampeleka mtoto kwanza kwa mganga wa jadi. Lau neno hilo lingegeuzwa tu kuwa “malaria kali”, matokeo yenyewe yangefutika.

Dawa yake haihitaji mtambo wa gharama. Ripoti ndefu ivunjwe kuwa matamko mafupi, kila tamko likibeba jambo moja. Tuchukue mfano wa kubuni: “Akina mama wa ng’ambo ya mto hawafiki kliniki wakati wa masika kwa sababu mto hujaa.” Kando ya tamko hilo yaandikwe mambo matano: kijiji na wilaya, kwa jina la zamani na la sasa, mwezi na mwaka, idadi na aina ya waliolisema, maneno yao wenyewe, na hatua iliyochukuliwa baadaye. Nguvu ya ushahidi nayo ionekane. Kama ilivyo kosa kuchanganya pamba fifi na safi, ni kosa kuliweka neno la mtu mmoja sawa na neno lililorudiwa katika vijiji kumi.

Tahadhari mbili zinahitajika. Matokeo huzeeka: daraja likijengwa juu ya mto ule, tamko lile hubaki kuwa historia, na daftari lazima liseme hivyo. Aidha, maneno ya mgonjwa ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai uangalifu, na katika kijiji kidogo hata umri pamoja na idadi ya watoto huweza kumtambulisha mama. Kinachowekwa kwa matumizi ya wengi kiwe kimeondolewa kila alama ya aina hiyo.

Mlezi wa daftari hilo anajulikana. Ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa ndiyo iliyo karibu na vituo, na vyuo vikuu vya tiba ndivyo vinavyotuma wanafunzi wengi kuhoji. Mtumishi mmoja aliyepewa jukumu hilo kwa jina, jedwali la kawaida la kompyuta, na kanuni moja vingetosha kuanzia: dodoso jipya lisipitishwe mpaka mtafiti aonyeshe amesoma yaliyokwisha kukusanywa kuhusu mada yake, na asikabidhi ripoti yake bila matamko yake. Mwanzo uwe na mada moja tu, uzazi salama, katika wilaya moja. Yatakayofaa yaenezwe kwingine.

Hapo timu ya afya ya halmashauri, inapoandaa mpango wa mwaka, itaweza kufungua ukurasa na kusoma sababu pamoja na idadi. Na mtafiti atakapofika tena kijijini, ataweza kuanza kwa kusema: “Mliyoyaeleza mara iliyopita tumeyasoma, tumekuja kuuliza yaliyobaki.” Maneno hayo ndiyo stakabadhi ambayo mhojiwa amekuwa akiidai.