Wagonjwa wa akili nao wafuatwe vijijini



Natoa maoni yangu juu ya taabu wanayopata ndugu zetu vijijini wanaporukwa na akili ghafla.

Huku kwetu Mkalama, mama mjamzito akipata dharura usiku, tunajua la kufanya. Tunapiga namba 115 bila malipo, na gari la wagonjwa au dereva aliyesajiliwa katika mpango wa M-Mama anatumwa kumchukua. Mpango huu Serikali ilianza kuueneza nchi nzima mwaka 2022, na sisi wananchi tunaushukuru sana.

Je, mtu akichanganyikiwa usiku huohuo, akakimbia ovyo na panga mkononi, tumwite nani? Wanaitwa mgambo. Mgonjwa anafungwa kamba mikono na miguu, anashindishwa chini ya mti, na wazee wanakaa kuamua apelekwe kwa mganga gani. Kumbe huenda ni malaria iliyopanda kichwani, ambayo isipotibiwa upesi huua. Huenda ni kifafa, au ni mama aliyejifungua juzi tu. Mambo haya hayawezi kujulikana kwa kamba, yanahitaji tabibu.

Hospitali ya Mirembe iliyoko Dodoma imekuwa ikiwapokea wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927. Lakini kutoka Singida mjini tu hadi huko ni zaidi ya kilomita 200, na sisi wa vijijini tuna safari nyingine kabla ya kufika mjini. Mkulima atauza mbuzi apate nauli ya mgonjwa na wasindikizaji wawili. Mgonjwa akirudi ana nafuu, baada ya miezi michache dawa zinakwisha na mbuzi wa kuuza hayupo tena. Ugonjwa ukirudi, watu husema kichaa haponi. Kumbe kilichokosekana ni nauli ya kufuata dawa.

Watoto nao wanaumia. Katika darasa ninalofundisha yupo mwanafunzi anayekosa masomo wiki nzima kila mama yake anapougua, kwani ndiye mlinzi wake nyumbani.

Jambo ninaloomba si geni nchini. Katika miaka ya 1980 Serikali, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Denmark, iliendesha mpango wa afya ya akili katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Watumishi wa zahanati na vituo vya afya walifunzwa kuwatibu wagonjwa karibu na makwao.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, namba 115 ipokee pia dharura za wagonjwa wa akili, na gari linapokwenda liwe na muuguzi mwenye dawa ya kumtuliza mgonjwa. Pili, siku za huduma ya mkoba, muuguzi anapopeleka chanjo za watoto vitongojini, abebe pia vidonge na zile sindano za kila mwezi za wagonjwa wa akili. Tatu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango uliozinduliwa mwaka 2024 unakusudia wafike 137,294, wafundishwe kuzungumza na mgonjwa kwa upole na kutoa taarifa mapema. Mgambo nao wafundishwe.

Wapo watakaosema fedha hazitoshi. Lakini pikipiki ya zahanati tayari inakwenda vitongojini, na namba ya simu tayari ipo. Kinachotakiwa kuongezwa ni mafunzo na dawa.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Tuache kuwacheka wagonjwa hawa njiani mbele ya watoto, maana watoto hujifunza kwetu.

Naiomba Wizara ya Afya pamoja na halmashauri zetu zilitazame jambo hili. Mgonjwa wa akili ni mwananchi kama sisi, naye anastahili kufuatwa alipo na mtu mwenye dawa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkalama, Singida.