Filamu ya Pili na Deni la Ile ya Kwanza



Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii hutujia kila tuonapo tangazo la filamu yenye namba 2 mwishoni mwa jina lake. Ile ya kwanza ilipendwa, fedha zikaingia, na sasa wenyewe wamerudi na mtungi uleule. Linalobaki ni kuonja na kujua maji yamezidi kiasi gani.

Sisi si wahakiki. Aghalabu hutazama filamu huku tukikunja nguo au tukichambua mchele, na usingizi hutuchukua kabla ya mwisho. Lakini likizo ya Agosti tuliipitisha Embu, nyumbani kwa dada yetu mkubwa, ambaye yeye na mumewe walihamia huko kutoka Mombasa mwezi wa Januari kwa ajili ya kazi. Aliyezoea joto la Kisauni akifika chini ya Mlima Kenya wakati huo, ukungu umelala juu ya migomba hadi jua lipande, hawezi kuwalaumu watoto wasiotaka kutoka nje. Basi kila usiku baada ya Isha tulipika chai ya tangawizi, tukajitandia mablanketi, na watoto wakachagua cha kutazama.

Ya kwanza ilikuwa Moana 2, iliyotoka Novemba 2024, miaka minane baada ya ile ya awali. Filamu hii ilianza kutengenezwa kama mfululizo wa vipindi vya televisheni, kisha ikageuzwa kuwa sinema. Na kwa macho yetu, mshono unaonekana. Wanaingia chomboni mjenzi wa mashua, mkulima mzee na msimulizi wa visa, na hata kabla hatujawazoea safari imekwisha. Watoto wa pwani walifurahia bahari, wala hatuwanyimi furaha hiyo. Lakini kilichotugusa ni yule mdogo wake Moana, asiyetaka dada yake aondoke. Hapo palikuwa na kisa kizima cha nyumba, nacho kikapitiwa kwa haraka ili tuwahi mawimbi.

Ya pili ilikuwa Mufasa, ya Desemba 2024, ambayo inarudi nyuma kutueleza baba yake Simba alitoka wapi. Sisi Waswahili tunayo raha yetu ya pekee katika hadithi hizi, kwa kuwa Simba na Rafiki ni maneno ya nyumbani, na nchi inayotafutwa humo inaitwa Milele. Watoto walicheka sana walipomsikia mwanasimba anaitwa Taka. Kicheko kiliisha walipotambua kuwa huyo ndiye atakayekuwa Scar, nduguye Mufasa na adui yake. Mufasa ni mtoto aliyepotezana na wazazi wake kwa mafuriko. Mama yake Taka akampokea kama mwana, baba akamkataa. Huyo baba ndiye aliyemfundisha mwanawe kwamba hila ni chombo cha ufalme. Filamu ni ndefu, na mwisho wake tunaujua tangu 1994. Hata hivyo ina jambo moja la kweli: uadui wa ndugu huanzia katika maneno ya wazazi, miaka mingi kabla ya siku ya ugomvi.

Usiku wa tatu tulitazama Inside Out 2, iliyotoka Juni 2024. Ile ya kwanza, ya 2015, ilimhusu Riley, msichana aliyehamishwa na wazazi wake kutoka Minnesota hadi San Francisco, na hisia zilizoishi kichwani mwake: Furaha, Huzuni, Hasira, Hofu na Karaha. Sasa Riley ametimiza miaka 13. Wageni wanabisha hodi: Kijicho, Aibu, Uchovu, na mkubwa wao, Wasiwasi. Riley anakwenda kambi ya siku tatu ya mpira wa magongo wa barafuni, na ili akubaliwe na wasichana wakubwa anawapa kisogo marafiki zake wawili wa zamani. Wasiwasi anashika usukani hadi mtoto anashindwa kupumua vizuri, kifua kikimwenda mbio, amekaa peke yake pembeni mwa uwanja.

Hapo binti wa dada yetu, naye wa umri huohuo, alisema kwa sauti ndogo, "Mama mdogo, hebu turudishe hapo."

Tukarudisha. Tukarudisha tena. Mara ya tatu tulimtazama yeye badala ya televisheni.

Wenzake walipokwenda kulala alibaki, akaeleza. Shuleni Embu walimcheka kwa Kiswahili chake, kile cha "yuwaja" na "nshafika" alichonyonya kwa mamaye. Akajifunza kusema kama wao. Kisha shoga yake wa Mombasa, waliyekaa dawati moja tangu darasa la kwanza, akawa anapiga simu ya nyumbani, naye haendi kuipokea, kwa kuwa kila akiisikia ile sauti huona haya, asijue sasa aseme kwa ulimi upi. Tangu muhula wa pili hawajazungumza. Mamaye alidhani ni utu uzima unaingia. Sisi nasi tulidhani ni baridi.

Hatukumhutubia. Mamaye alimsogeza ndani ya blanketi lake, akamwambia kwa Kimvita kitupu kwamba naye, mtu mzima, hutafuta maneno kila aendapo sokoni. Walicheka wote wawili, na chai ikapoa.

Siku mbili baadaye tulipanda gari kwenda Meru kumjulia hali jamaa yetu, tukipitia Chuka na Nkubu, na njiani tukawasimulia watoto kisa cha simba wa huko, Elsa. Alilelewa na Joy na George Adamson akiwa yatima, kisha akafunzwa kurudi porini. Filamu yake, Born Free, ilitoka 1966, na dunia nzima ikamjua. Elsa mwenyewe alikwisha kufa tangu 1961, na kaburi lake limo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Meru. Mwaka 1972 ikaja filamu ya pili, Living Free, ambayo haikujulikana sana kama ya kwanza. Hiyo yawahusu watoto watatu aliowaacha. Hawakuwa na mama wa kuwafunza kuwinda, wakawa wanakamata mifugo ya wenyeji, hata ikabidi wahamishiwe Serengeti.

"Na wenye mbuzi je?" aliuliza binti yetu. "Wao hawana filamu?"

Swali hilo lilitupendeza kuliko filamu zote tulizozitaja. Tangu hapo tumekuwa na kipimo chetu: filamu ya pili ina haki ya kuwapo iwapo ile ya kwanza iliacha deni. Mdogo aliyeachwa nyumbani, ndugu aliyefunzwa hila, msichana aliyehamishwa mji, mfugaji aliyeliwa mbuzi: hayo ni madeni. Ikiwa haikuja kulipa lolote, basi ni mtungi wa maji.

Twawausia kina mama na kina baba wasiwaachie watoto filamu hizi kama mlezi. Kaeni nao, japo na ungo wa mchele mapajani. Mtoto akiomba kipande fulani kirudishwe, msimharakishe. Huenda ndipo alipo.

Tulipofika Meru, kabla hata mizigo haijashushwa, binti aliomba simu ya mamaye, akaenda nayo nyuma ya nyumba. Kwanza hatukusikia kitu. Kisha tukasikia, kwa sauti ya Mombasa isiyo na haya, "Ni mimi. N'samehe, shoga yangu." Walizungumza hadi salio likaisha, na mamaye akatuma mtu dukani kuongeza.