SILAHA NA UWINDAJI: Bunduki Ijishindiliayo kwa Bata wa Majini

Katika nchi ya Turkana maji ni haba, na kwa sababu hiyo ndege wa majini hukusanyika kwa wingi mahali popote maji yapatikanapo. Mvua ikinyesha na laga zikateremka, malambo ya Kalobeyei, magharibi ya Kakuma kwenye barabara iendayo Lokichoggio, hujaa, na haupiti muda mrefu kabla bata hawajaonekana juu yake. Mto Turkwel upitao Lodwar una ndege wake, na Ziwa Turkana, lenye urefu wa kilomita 250 hivi, lina wengi zaidi. Wako bata bukini wa Misri, ambao hukaa mwaka mzima. Na yuko bata bukini mwenye mwiba bawani, aliye mkubwa kuliko bata wote wa Afrika, ambaye dume lake huweza kupita uzito wa kilo 6. Tena kati ya Oktoba na Aprili hufika bata wahamao kutoka Ulaya na Asia, wanaokimbia baridi ya kwao.

Mtu aonapo kundi kama hilo likitua jioni huwaza nyama, na awazapo nyama huwaza bunduki. Siku hizi bunduki isifiwayo kuliko zote kwa kazi hiyo ni bunduki ya marisau ijishindiliayo yenyewe. Ni vizuri basi ijulikane jinsi ifanyavyo kazi, jinsi ya kuichagua, na nani hasa anayeihitaji.

Asili yake

Bunduki ya kwanza ya namna hii kufaulu vizuri ilibuniwa na Mmarekani John Browning mwaka 1898. Browning alitaka kulipwa fedha kidogo kwa kila bunduki itakayouzwa, lakini kiwanda cha Winchester, kilichokuwa kimenunua kazi zake kwa miaka mingi, kilikataa. Mwaka 1902 akaenda katika ofisi ya Remington, na alipokuwa angali akingoja kuonana na mkuu wa kampuni, mkuu huyo akafariki dunia. Basi Browning akachukua bunduki yake, akapanda meli, akaenda Ubelgiji, na kiwanda cha FN kikaanza kuitengeneza. Bunduki hiyo, iitwayo Auto-5, ilidumu sokoni kwa karibu miaka 100.

Namna mbili

Katika bunduki ya mitutu miwili, mwindaji hupiga mara mbili, kisha huivunja na kutia marisau kwa mkono. Katika bunduki ijishindiliayo, kila akivuta kifyatulio risasi moja hutoka, ganda tupu hutupwa nje, na risasi nyingine hupanda mahali pake bila mkono kuigusa. Nguvu ya kufanya hivyo hutoka katika risasi iliyopigwa, nayo hutumiwa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya gesi. Sehemu ndogo ya moshi wa baruti hupenya katika vitundu vya mtutu na kusukuma pistoni, na pistoni hurudisha nyuma chuma kifungacho mtutu. Remington 1100 ya mwaka 1963 ni ya namna hiyo, na bunduki nyingi za Beretta pia. Sifa yake ni upole, maana haiumizi bega sana, hata mtu mwembamba huweza kuipiga asubuhi nzima. Kasoro yake ni masizi. Moshi huacha uchafu ndani, na bunduki isiposafishwa hukwama.

Njia ya pili ndiyo iliyoipa sifa kampuni ya Benelli ya Italia. Bunduki irudipo nyuma kwa nguvu ya mpigo, chuma kizito kilicho ndani hubaki nyuma kidogo katika mwendo huo na kubana springi ngumu. Springi ikifunguka hufanya kazi yote iliyobaki. Vyuma vyake ni vichache, na moshi hauingii sana ndani. Lakini hupiga bega kwa nguvu zaidi, na mtu asiyeishika imara huweza kuikuta imekwama.

Kwa nchi ya vumbi kama Turkana, ambako upepo hupeperusha mchanga mchana kutwa, namna hii ya pili ina nafuu. Hata hivyo bunduki yoyote ikipakwa mafuta mengi hukusanya mchanga kama asali ikusanyavyo sisimizi. Ipakwe mafuta kidogo mno, ifutwe kwa kitambaa kikavu, na ichukuliwe ndani ya mfuko wake.

Mambo ya kutazama dukani

Kwanza ni kipimo cha mtutu. Kipimo cha 12 maana yake ni kwamba goroli 12 za madini ya risasi, kila moja yenye upana wa mtutu huo, hutimiza uzito wa ratili moja. Ndiyo sababu kipimo cha 20 ni chembamba kuliko cha 12. Kwa bata na bata bukini kipimo cha 12 chatosha, tena marisau yake ni rahisi kupatikana.

Pili ni urefu wa chumba cha risasi. Viko vya inchi 2¾, inchi 3 na inchi 3½. Chumba cha inchi 3 hutosha karibu kazi yote ya ndege wa majini. Kile kirefu kuliko vyote huongeza gharama na maumivu ya bega, na faida yake ni ndogo kwa mtu asiyepiga mbali.

Tatu ni mwili wa mnunuzi mwenyewe. Afumbe macho, ainue bunduki begani, kisha afumbue. Akijikuta anatazama moja kwa moja juu ya mtutu, bunduki hiyo yamfaa. Akijikuta anatazama pembeni, au inambidi avute shingo, airudishe, hata ikiwa nzuri namna gani.

Nne ni mbano wa mdomo wa mtutu, ambao huamua marisau yatawanyike upesi au yaende pamoja. Bunduki nyingi za sasa huuzwa pamoja na mibano ya kubadilisha. Njia ya kuijua ni kutundika karatasi pana mahali pa salama, kuchora duara la inchi 30, kusimama yadi 40, na kupiga. Matundu yakiwa yameenea sawasawa ndani ya duara, mbano ni mzuri. Yakiwa na mapengo ambamo bata angeweza kupita salama, ubadilishwe.

Madini ya marisau

Zamani marisau yote yalikuwa ya madini ya risasi. Lakini bata humeza vijiwe vidogo ili kusaga chakula katika firigisi, na humeza marisau yaliyoanguka majini akidhani ni vijiwe. Firigisi huyasaga, sumu huingia damuni, na ndege ambaye hakupigwa na mtu hufa polepole. Kwa sababu hiyo Marekani ilikataza marisau hayo kwa ndege wa majini nchini kote mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukayakataza katika maeneo ya majimaji tangu Februari 2023. Lambo ambalo bata hunywa ndilo mbuzi na ngamia wanywalo, tena mara nyingi watu pia. Na nyama yenye vipande vya madini hayo si chakula cha mtoto.

Badala yake hutumiwa marisau ya chuma. Chuma ni chepesi kuliko risasi, kwa hiyo mwindaji huchagua punje kubwa zaidi kwa namba mbili: aliyekuwa akitumia namba 4 hutumia namba 2. Asitumie mbano mkali sana, wala asitie marisau ya chuma katika bunduki kuukuu isiyotengenezwa kwa ajili yake, maana mtutu waweza kuharibika.

Sheria

Ubora wa kupiga upesi ndio uliozifanya serikali nyingi kuiwekea bunduki hii mipaka. Marekani iliamuru mwaka 1935 kwamba kwa ndege wahamao bunduki isichukue zaidi ya risasi 3. Sheria ya ndege ya Ulaya ya mwaka 1979 ilikataza zile ambazo ghala lake hubeba zaidi ya risasi 2. Sababu yake yaelezwa na methali yetu: mlenga jiwe kundini hajui limpataye. Bata wa kawaida na bata mgeni aliyelindwa kwa mapatano ya mataifa huruka katika kundi moja, na mtu apigaye mara tano kwa pumzi moja hana nafasi ya kuwatofautisha.

Nchini Kenya uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 yafanya uwindaji wa michezo na wa kujiburudisha kuwa kosa. Kuwa na bunduki pasipo cheti ni kosa jingine. Cheti hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha, na mwombaji hutakiwa kuonyesha sababu ya kweli. Tanzania huruhusu uwindaji kwa kibali, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Atakaye kwenda huko na aulize kwanza, kabla ya kulipa hata senti moja, kama bunduki ijishindiliayo inakubaliwa kwa ndege anaowataka.

Je, Kalobeyei?

Liko jambo moja zaidi, nalo halimo katika vitabu vya wauza bunduki. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 na makazi ya Kalobeyei mwaka 2016, na humo wamo watu waliokimbia vita vya Sudan Kusini, Somalia, Kongo na kwingineko. Wenyeji nao wamezika ndugu zao waliouawa katika mashambulio ya wezi wa mifugo. Mahali kama hapo, mlio wa bunduki alfajiri hauna maana ya kitoweo. Mama hukamata watoto, wachungaji hutawanya mifugo, na vijana hukimbilia silaha. Bata wawili walioangushwa lamboni waweza kuleta maafa kabla hawajafika chunguni.

Basi mkulima ambaye miche ya mtama wake inaliwa na bata bukini na aweke walinzi na madebe ya kupiga, na apeleke habari kwa ofisi ya Huduma ya Wanyamapori ya Kenya. Karani apendaye ndege na anunue darubini: haihitaji cheti, haitishi jirani, na lambo hubaki na bata wake msimu ujao.

Na yule mwenye kibali, mwenye cheti, na mwenye mahali halali pa kuwinda, achague bunduki imkaayo begani, chumba cha inchi 3, na marisau ya chuma. Akumbuke daima kwamba bunduki ya mitutu miwili ikivunjwa kila mtu huona kama ni tupu, lakini hii ikiisha kupiga huwa tayari kupiga tena. Avukapo mtaro au apandapo gari, aitoe risasi zote, atazame chumbani kwa macho yake, na apapase kwa kidole. Majuto ni mjukuu, huja kinyume.