"Bure" Si Hukumu: Kuhusu Kivumishi Kimoja cha Kiingereza katika Uhakiki wa Kiswahili

Miongoni mwa hukumu zinazotolewa kwa wepesi katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, ipo moja iliyoazimwa pamoja na kivumishi chake. Kiingereza kina neno gratuitous, ambalo asili yake ni gratuitus ya Kilatini, yaani kilichotolewa pasi na malipo. Neno hilo lina sura mbili: hidaya iliyotolewa kwa hiari, na jambo lililotendwa pasipo sababu ya haki. Uhakiki umeishika sura ya pili peke yake. Mhakiki wa Kiswahili, akiufuata mkondo huo, huandika "ukatili wa bure" au "ngono isiyo ya lazima", kisha hugeukia sehemu inayofuata ya makala yake kana kwamba kesi imekwisha. Hapana budi kusema wazi kwamba hukumu hiyo, kwa namna inavyotumiwa, ndiyo iliyo ya bure. Haijalipiwa ushahidi.

Kasoro yake ya kwanza ni ya kisarufi. Katika Kiswahili, kazi kuu ya neno "bure" ni ya kielezi: hufuata kitenzi na kukitegemea. Kupewa bure ni hidaya. Kupigwa bure ni dhuluma. Kwenda bure ni hasara. Hakuna msemaji wa Kiswahili anayezichanganya maana hizo tatu, maadamu kitenzi hudai mtenda na mtendwa: nani kapewa, nani kapigwa, kwa mkono wa nani. Kivumishi cha Kiingereza hakidai chochote. Hubandikwa kwenye nomino, na watendaji wote wakatoweka. Anayeandika "ukatili wa bure" amekwisha kuliondoa swali ambalo lugha yake mwenyewe ingemlazimisha kulijibu.

Swali lenyewe si dogo. Kusema "mhusika kapigwa bure" ni kutoa shutuma dhidi ya mhusika mwingine ndani ya hadithi. Kusema "mwandishi kamwonyesha msomaji kipigo bure" ni kutoa shutuma dhidi ya utunzi. Shutuma ya kwanza ikithibitika, haifuati kwamba ya pili imethibitika. Aghalabu kinyume chake ndicho kweli. Mathalani, katika riwaya ya André Gide, Les Caves du Vatican (1914), kijana Lafcadio anamsukuma nje ya treni mtu asiyemjua, pasipo chuki wala faida. Wafaransa waliliita tendo la namna hiyo acte gratuit. Tendo ni la bure kabisa, lakini tukio si la bure hata kidogo, kwani hoja ya riwaya imejengwa juu ya kukosekana huko kwa sababu. Mhakiki asiyetenganisha mambo haya mawili angelifuta tukio hilo na kubaki na riwaya isiyo na uti wa mgongo.

Fasihi ya Kiswahili imekwisha kulipia mkanganyiko huu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania kwa sababu ya uwazi wake kuhusu ngono. Lakini riwaya hiyo ni mashtaka dhidi ya malezi. Zakaria anamchunga bintiye kwa mabavu, na Rosa anapotoka mikononi mwake hana silaha yoyote ya kujilinda. Kina cha kuanguka kwake ndicho ushahidi wa mashtaka. Ukikificha, kosa la baba linabaki kuwa tetesi. Anayekataa usomaji huu ana haki ya kukataa, ila na aonyeshe ukurasa, na aseme riwaya ingebaki na nguvu gani pasipo ukurasa huo.

Anayedhani kuwa tofauti hizi ni za darasani tu, na asimame Busia, mji uliotandazwa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda. Muuza mahindi sokoni hujaza gorogoro, husawazisha, kisha huongeza konzi moja juu. Konzi hiyo ni ya bure, maana haimo katika bei. Hata hivyo, hakuna mnunuzi anayeiita isiyo na sababu: ndiyo imrudishayo kesho.

Mpaka huohuo umezipa lugha za Afrika Mashariki neno "bodaboda". Kwa maelezo yanayokubalika zaidi, neno lilizaliwa Busia na Malaba katika miaka ya 1960, kutokana na baiskeli zilizovusha abiria baina ya vituo vya nchi mbili. Mhariri mwenye kalamu nyekundu angeifuta boda ya pili kuwa ni ziada. Lakini abiria hakulipa nauli ili akae mpakani; alilipa apelekwe kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Safari yote imo katika boda ya pili. Pikipiki zimechukua nafasi ya baiskeli, na tangu mwaka 2018 Busia ina kituo cha pamoja cha mpakani, lakini neno "bodaboda" bado linatumika. Kilichoonekana cha ziada ndicho kilichobeba kazi.

Hakuna anayekana kwamba yapo ya bure kweli katika utunzi. Mshairi anayechomeka neno lisilo na kazi ili kipande kitimize mizani 8 amelitia bure, na msomaji makini humkamata papo hapo. Lakini humkamata kwa kulinyooshea neno lenyewe kidole, si kwa kulaani shairi zima.

Yamkini itajibiwa kuwa wanafunzi hawana budi kulindwa. Hoja hiyo ni halali, lakini ni hoja ya umri na mtaala. Anayeamini kwamba kitabu fulani hakimfai kijana wa miaka 14 na aseme hivyo waziwazi, asiivishe hofu yake joho la umbuji. Hatari ni kubwa kuliko inavyodhaniwa: mwanafunzi wa uzamili anayejifunza leo kutupilia mbali tukio kwa kivumishi kimoja, kesho ndiye atakayeketi katika jopo la kuteua vitabu vya shule, na kivumishi hicho ndicho kitakachokuwa kalamu yake.

Basi kila atakayeitoa hukumu hii na ailipie: ataje kitenzi, mtenda, mtendwa na ukurasa. Asiyeweza kuyalipa hayo, na alirudishe neno kwa aliyemwazima.