Keroka: Soko moja, watoza ushuru wawili
MKULIMA wa Masimba, Kaunti ya Kisii, apelekapo mkungu wa ndizi katika soko la Keroka huingia mji wenye mguu mmoja Kisii na mwingine Nyamira. Kwake mpaka huo hauonekani, kwani lugha ni ile ile ya Ekegusii. Huonekana ajapo mtoza ushuru.

Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, kaunti hizo mbili zimezozania haki ya kukusanya ada mjini humo. Kiini si uhasama wa koo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliziachia kaunti masoko na leseni za biashara, na mapato hayo ni miongoni mwa machache zinayojitafutia bila kungoja mgao wa Nairobi. Ni gavana yupi atakayeliachilia soko kama hilo kwa hiari?

Hata hivyo, ada hulipiwa huduma. Penye watozaji wawili, mwenye kibanda hajui alalamikie afisi ipi jaa likifurika, na kila upande waweza kuutupia mwingine lawama.

Kusogeza mpaka ni safari ndefu. Kifungu cha 188 chataka tume huru ipendekeze, kisha thuluthi mbili ya wabunge na thuluthi mbili ya ujumbe wa kaunti katika Seneti waunge mkono. Iliyo karibu zaidi ni njia ya Kifungu cha 189, kinachoruhusu kaunti kuunda mamlaka ya pamoja. Hapo mkulima angelipa mara moja, kwa risiti moja, na magavana wakagawana baadaye.