Saa Tisa Kasoro Dakika Kumi

Mtaala mpya wa sekondari nchini Uganda una jambo moja ambalo walimu wakuu wengi wangependa lisahaulike. Ratiba yake inataka vipindi vya darasani vianze saa mbili na nusu asubuhi na kwisha saa tisa kasoro dakika kumi alasiri. Kuanzia hapo mwanafunzi ni wa kiwanjani, wa maktaba, wa kwaya, wa klabu ya mdahalo au wa bustani ya shule.

Mtaala huo ulianza mwaka 2020. Hata hivyo, katika shule nyingi za bweni, za eneo la West Nile kaskazini-magharibi mwa nchi zikiwemo, saa kumi bado chaki iko ubaoni. Usiku kuna prepu, alfajiri kuna prepu nyingine, na Jumamosi kuna mitihani ya majaribio. Muda wa michezo ukifika umebaki wa kufua sare na kupanga foleni ya posho na maharage.

Kubanwa hivi kunaumiza popote. Katika miji ya Arua na Koboko, huko West Nile, kunaumiza zaidi, na sababu ni mchanganyiko wa watoto wanaokalia madawati.

Barabara ya lami ya eneo hili huanzia Vurra, mpakani mwa Kongo, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini. Ni kilomita 92 tu, nchi moja mwanzoni na nyingine mwishoni. Darasa moja la kidato cha pili mjini Koboko linaweza kuwa na Mkakwa mwenyeji, Mkakwa mwenzake aliyetoka Yei, Mnubi wa mjini, Mlugbara kutoka Maracha na Mkongomani anayeishi katika makazi ya wakimbizi ya Lobule. Mapigano ya Juba ya Julai 2016 yaliwavusha mpaka watu wengi kiasi kwamba makazi ya Bidibidi, wilayani Yumbe, yalikuwa na zaidi ya wakimbizi 270,000 ndani ya miezi michache. Imvepi na Rhino Camp nazo zilijaa.

Wakimbizi hao hawakuja na shule zao. Aliyesomea Kongo alifundishwa kwa Kifaransa. Aliyetoka Khartoum baada ya vita vilivyoanza Aprili 2023 alisoma kwa Kiarabu. Huku Kiingereza ndicho lugha ya darasa na ya mtihani, kwa hiyo wengi hurudishwa nyuma madarasa mawili au matatu, na kijana mwenye ndevu hujikuta akikaa na watoto wa miaka kumi na minne. Darasani huyo hunyamaza. Mpirani hanyamazi, kwa sababu kuomba pasi hakuhitaji sarufi. Ngomani ndiyo kabisa: anayejua kupiga adungu au kupuliza agwara hageuki mgeni kwa kukosa Kiingereza.

Wazee wa West Nile wanaifahamu hali hiyo ya ukimbizi kwa uchungu. Idi Amin, mtu wa Koboko, alipopinduliwa mwaka 1979, kisasi kiliwaangukia watu wa nyumbani kwake. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi wa serikali waliwaua raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, ilipo hadi leo shule ya St. Joseph's College. Miaka ile sehemu kubwa ya wakazi ilihamia Zaire na kusini mwa Sudan. Baadhi ya wajumbe wanaokaa leo kwenye bodi za shule za Arua walikuwa watoto wa uhamishoni, waliosoma kwa lugha za watu. Ingetarajiwa wao ndio wawe wa kwanza kuitetea saa ya kuzoeana. Wengi wao, kwa bahati mbaya, ndio wanaodai prepu ya alfajiri.

Kuna pia kundi ambalo hatujalifikiria vya kutosha. Watoto walioingia kidato cha kwanza mwanzoni mwa 2020 walikuwa wa kwanza kuupokea mtaala huu. Tarehe 20 Machi mwaka huo shule zikafungwa kwa ajili ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022, kufungwa kurefu kuliko kote duniani. Wapo waliorudi wakiwa mama. Wapo waliokwisha kuzoea fedha ya boda boda na biashara ya mpakani, wakaambiwa wavae kaptula tena. Mtihani wao wa kidato cha nne waliufanya mwaka 2024. Muda wa kujifunza kuishi pamoja ulikuwa umeliwa, na shule zilipofunguliwa jibu la wakubwa lilikuwa kuongeza vipindi.

Wazazi watauliza: ada tunayolipa ni ya mpira? Swali ni halali, na jibu limo ndani ya mtaala wenyewe. Asilimia 20 ya alama za mwisho hutokana na kazi zinazofanywa shuleni mwaka mzima, na kazi hizo hudai wanafunzi wakae vikundi, waulize na watengeneze kitu. Elimu ya viungo ni somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili. Kiswahili nacho ni cha lazima katika madarasa hayo hayo, na kwa West Nile hiki si kigeni hata kidogo: kililetwa na askari waliorudi kutoka jeshi la kikoloni la King's African Rifles, kikakaa sokoni na kwenye malori. Walimu wa Kiswahili bado ni haba, lakini kiwanjani mtoto wa Lobule na wa Arua wanakikuta kikiwasubiri.

Na wasiodhani mpira una faida waikumbuke Onduparaka, timu ya kitongoji cha pembezoni mwa Arua, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2016 na kuwafanya watu wa Kampala wajifunze kulitamka jina hilo.

Hofu ya utovu wa nidhamu ni ya kweli pia. Simu zimekatazwa shuleni na bado zimo chini ya magodoro. Facebook imefungwa nchini tangu Januari 2021, na wanafunzi walijua kuuzunguka ukuta huo kabla ya walimu wao. Shule ya wavulana ikialika ya wasichana kwa semina ya Fizikia, kila mtu anajua Fizikia ni nusu ya safari tu. Hayo yanataka mwalimu mlezi awepo kiwanjani. Kumfungia kijana darasani hakujawahi kuyazuia.

Ugumu uko kwa wasichana wa kutwa. Kengele ya saa tisa ikilia, nyumbani wanasubiriwa na maji, kuni na meza ya mama sokoni. Klabu ikianza saa kumi na moja, imekwisha kuwatenga. Kwa hiyo netiboli, mdahalo na muziki vianze mara tu vipindi vinapokwisha, angalau siku mbili kwa wiki, na siku hizo zitangazwe kwa wazazi mwanzoni mwa muhula kama zinavyotangazwa tarehe za ada. Wakaguzi wa elimu wa jiji la Arua na wilaya ya Koboko nao wabadili saa ya ziara zao: wafike saa tisa na nusu, waulize ufunguo wa stoo ya mipira anao nani.